Sampuli Tano, Zote Ziliwaka

Harufu ilimpokea Inspekta kabla mlinzi hajamaliza kufungua geti la yadi. Haikuwa harufu ya moshi wa kuni wala ya taka za sokoni. Ilikuwa kali, yenye utamu wa kuchefua, kama sukari iliyoungulia ndani ya ndoo ya plastiki, na ilishuka kooni ikakaa huko kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

"Leo imepungua, Afande," mlinzi alisema huku amejifunika pua kwa ukosi wa shati. "Juzi ndege walikuwa wakipita juu ya hili paa wanageuza njia."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na nne, mwenye mwendo wa haraka na mazoea ya kusoma kila karatasi mara mbili. Alianza kazi forodha, kwenye kitengo cha kuainisha bidhaa, kabla ya kuhamishiwa upelelezi. Nyuma yake alikuja Sajini, mwanamume mnene, mpole, aliyekuwa amebakiza miaka mitatu astaafu na aliyependa kusema kwamba tumbo lake ndilo lililomfanya asipigwe risasi ujanani, maana liliwachekesha majambazi.

Kontena lilikuwa limesimama peke yake mwisho wa yadi, mlango wazi, ubavu mmoja umebabuka rangi. Siku tatu zilizopita lilianza kufuka moshi likiwa bado limefungwa. Zimamoto walipofika, walikata lakiri ya mlango, ule muhuri wa chuma wenye namba, kwa koleo. Kabla mpira wa maji haujafunguliwa, kuli mmoja, mtu wa miraba minne ambaye wenzake walimwita Winchi, alipenya kati ya maboksi ya mbele ayavute ya nyuma, ili moto usipate cha kula. Kitu kikapasuka usoni mwake. Tangu hapo alikuwa hospitali, akipumua kwa mashine.

"Nisomee tena," Inspekta alisema akivaa glavu.

Sajini alifungua jalada. "Tamko la forodha. Kompyuta za mezani zilizotumika, zinazofanya kazi. Vifaa vya shule. Idadi, mia sita na arobaini. Fungu la ushuru, themanini na nne sabini na moja."

"Hilo ni fungu la kompyuta."

"Na ndicho kilichoandikwa. Kompyuta."

"Tuone."

Walivaa barakoa, wakaingia.

Safu nne za mbele zilipendeza macho. Skrini zilikuwa zimefutwa vumbi, zimeviringishwa nailoni, zimepangwa kama vitabu vya maktaba. Moto haukuzifikia. Inspekta alichana nailoni ya kwanza, akaigeuza skrini. Waya wake wa umeme ulikuwa umekatwa pale pale unapotokea, kikabaki kisiki kifupi. Akachana ya pili, kisiki. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Aliinua boksi la kompyuta yenyewe, likaja mkononi jepesi kama kopo tupu. Alipolifungua hakukuta kitu ndani isipokuwa mende wawili waliokauka na fundo la nywele za mtu, limejisokota kwenye tundu la feni.

"Shaba wameitoa huko huko kwao," Sajini alisema. "Wametuletea gamba."

"Bandika namba. Piga picha kila waya."

Nyuma ya safu ya nne, mpangilio ulikwisha. Vitu vilikuwa vimemwagwa tu, kama vilivyosukumwa kwa tingatinga. Runinga za kichogo zimepasuka vioo, na unga mweupe umetapakaa juu ya kila kitu. Taa za mirija zimevunjikavunjika. Friji zimekatwa kwa msumeno, povu lake la manjano linamong'onyoka. Kibodi zimejaa makombo ya chakula na vipande vya kucha. Mashine moja ya kutolea nakala ilikuwa imevujisha wino, na ndani ya wino ule panya alikuwa amezama, akakauka, akawa kama muhuri. Chini kabisa, kwenye dimbwi lililochanganyika maji ya zimamoto na kitu kingine kizito chenye rangi ya kutu, zililala betri. Za kompyuta mpakato, za simu, za magari. Nyingine zilikuwa zimevimba kama vyura. Nyingine zilikuwa zimeshapasuka.

Inspekta alianza kuzihesabu, akafika ishirini, akaacha. Alitoka nje kwa hatua za kawaida, akavua barakoa.

"Shule," alisema. "Wameandika shule."

Sajini naye alitoka, akachuchumaa mbele ya mlango akipekua matope kwa kijiti. Baada ya muda aliinua kitu kidogo cha chuma kilichokatwa katikati, akakipangusa kwenye suruali.

"Lakiri. Ndiyo hii waliyoikata zimamoto."

"Namba?"

Aliisoma. Inspekta alifungua hati ya shehena, ile inayoandikwa bandari ya kupakilia, akafuata mstari kwa kidole. Namba zilikuwa zile zile, tarakimu kwa tarakimu.

"Maana yake?" Sajini aliuliza, ingawa alijua. Alipenda kumsikia akisema.

"Maana yake tangu lifungwe huko lilikotoka, hakuna mtu aliyelifungua. Afisa wa forodha akitaka kukagua, lazima aikate hii, kisha aweke ya kwetu. Ya kwetu haipo. Mtu wa kwanza kuona kilichomo ndani alikuwa Winchi."

Mlinzi aliwaita kutoka getini. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, amejifunga leso kichwani, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa dada yake Winchi, fundi cherehani, na uzi mweupe ulikuwa bado umenasa begani mwake.

"Shikamoo," alisema, kisha hakungoja kuitikiwa. "Nimeambiwa nyinyi ndio wa upelelezi. Daktari amenituma. Anauliza kaka yangu alivuta moshi wa nini."

"Hamjaambiwa?"

"Tumepewa hii." Alikunjua karatasi. Ilikuwa nakala ya tamko la forodha. "Imeandikwa kompyuta. Daktari anasema kompyuta hazimfanyi mtu atapike nyeusi. Anasema dawa anampa, lakini anampa kwa kubahatisha. Sasa mimi nifanyeje? Nimekuja kuuliza. Ndani humo kulikuwa na nini?"

Inspekta aliitazama ile karatasi. Alikuwa amezisoma karatasi kama hizo maelfu, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mojawapo ingesomwa kitandani pa mgonjwa kama cheti cha dawa.

"Una namba ya daktari?"

Alipiga simu pale pale, amesimama juani. Alijitambulisha, akaanza kutaja alichokiona, kimoja kimoja: betri za aina tatu, vioo vya runinga na ule unga, mirija ya taa, povu la friji, plastiki za nyaya, wino. Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Unanisikia, Daktari?"

"Nakusikia. Siku tatu hizi namtibu kama mtu aliyevuta moshi wa plastiki kidogo tu. Nani aliandika kompyuta?"

"Hicho ndicho ninachokitafuta."

"Basi usikate simu. Rudia pole pole. Naandika."

Alirudia. Dada yake Winchi alisikiliza kila neno, akihesabu kwa vidole kama anayejifunza wimbo. Simu ilipokatwa alisema, "Asante," akageuka, akaondoka mbio, karatasi ya forodha ameiacha juu ya ndoo ya mchanga wa zimamoto.

*

Wakala wa forodha aliyeingiza lile tamko aliitwa Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata msibani. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu siku ya moto. Walimkuta ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, anajaza mafaili kwenye masanduku.

"Unahama?" Sajini aliuliza akijiegemeza mlangoni. Pa kupita hapakubaki.

"Napanga tu. Vumbi limezidi."

"Vumbi, na simu nayo imepata vumbi?"

Tai alikaa. Jasho lilikuwa limemchora mstari kwenye ukosi. Inspekta alibaki wima, akatoa picha za yadi, akazipanga mezani moja baada ya nyingine: visiki vya waya, friji, panya. Tai aliitazama ya panya, akageuza uso.

"Uliandika kompyuta zinazofanya kazi," Inspekta alisema.

"Niliandika."

"Ukijua."

"Afande, mimi ni wakala. Naandika ninachoambiwa. Mimi si nabii wa kuona ndani ya chuma."

"Mtu aliye kitandani naye hakuwa nabii. Aliambiwa ni kompyuta akaingia. Nakuuliza tena. Ulijua?"

Tai aliilegeza tai yake. Sajini, ambaye hakuwahi kuliona jambo hilo, aliinua nyusi.

"Nilijua," Tai alisema. "Mtumaji aliniandikia wazi. Yeye ndiye aliyemlipa mwenye yadi, mteja wangu, ili avichukue vitu hivyo. Nikasema, mtu anayelipa ili mali yake ichukuliwe, hiyo si mali. Lakini si mimi niliyeiita kompyuta. Nikionyesha, mtaniamini?"

"Onyesha kwanza."

Alipekua sanduku la tatu, akatoa karatasi iliyobanwa kwa pini. Lilikuwa tamko la forodha, la kontena lile lile, la wiki moja kabla. Kwenye nafasi ya bidhaa palikuwa pamepigwa chapa: *Taka za vifaa vya umeme.* Fungu: themanini na tano arobaini na tisa. Juu yake, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika: *Halikubaliki. Rekebisha. Angalia barua.*

Sajini alimtazama Inspekta. Tangu asubuhi walikuwa wamemwona Tai kama samaki aliyekwisha kaangwa. Sasa ilionekana kuwa, kwa dakika chache za maisha yake, mtu huyu aliandika ukweli, na ukweli ukarudishwa na wino mwekundu.

"Barua iko wapi?"

Tai alimpa. Ilikuwa na nembo ya kitengo cha kuainisha bidhaa, na Inspekta aliusoma mwandiko wa saini kabla hajasoma maneno. Alikuwa ameutazama ubaoni miaka miwili mizima.

*Nimekagua sampuli tano kutoka katika shehena hii, zote ziliwaka. Kifaa kinachowaka si taka. Bidhaa ziainishwe katika fungu 8471.*

"Kwa nini hukupinga?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimpinge Mwalimu?" Tai alicheka kicheko kibovu. "Kontena linatoka kwa siku mbili, mteja anafurahi, forodha wanafurahi. Ningempinga ili nipate nini? Nilibadilisha. Kisha nikaongeza neno la shule, lipendeze."

Alilisema kama mtu anayesimulia alivyotia chumvi kwenye mchuzi. Inspekta alikusanya picha zake. Alitamani kunawa mikono.

"Masanduku haya hayatoki humu," alisema. "Na wewe pia."

*

Mwalimu hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mkuu wa kitengo cha kuainisha bidhaa, na kila afisa aliyewahi kulishika fungu la ushuru nchini alifundishwa na yeye. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tano, yenye zulia, kiyoyozi na harufu ya nta ya mbao. Ukutani zilining'inia ngao sita za kioo, za miaka sita mfululizo, zote za pongezi: kitengo kilichoongoza kwa kutoa mizigo haraka.

"Binti yangu!" Alinyanyuka kwa shida, mkono mmoja ameshika meza. "Magoti haya yananidai. Kaa, kaa. Na mwenzako akae."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilisikia uko kwenye lile la yadi. Ajali mbaya. Makuli hawafuati maelekezo."

Inspekta alikaa, akaweka daftari gotini. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwanafunzi aliyesahau somo.

"Kontena lile ulilikagua wewe?"

"Mimi mwenyewe. Kazi za namna ile simwachii mtu."

"Ulikwenda yadi?"

"Nilikwenda. Tarehe ile ile ya barua."

"Mlango ulifunguliwaje?"

"Kama siku zote. Kuli alikata lakiri kwa koleo, nikachagua vifaa vitano, tukavichomeka kwenye soketi ya ofisi ya yadi. Vikawaka. Nikafunga."

"Ukaweka lakiri yetu."

"Bila shaka."

"Namba yake?"

"Itakuwa kwenye daftari la lakiri. Mtu hawezi kukariri kila namba, binti yangu. Hilo nililifundisha siku ya kwanza."

Sajini alikuwa na daftari la lakiri kwapani. Walilipitia chini kwenye mapokezi kabla ya kupanda. Alilifungua mezani pale penye alama ya karatasi, akaligeuza limtazame mzee. Kwa tarehe ile palikuwa na mistari minane. Hakuna uliokuwa wa yadi ile.

"Karani amesahau," Mwalimu alisema.

Inspekta alitoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya daftari. Ndani yake kilikuwamo kile kipande cha chuma.

"Hii wameikata zimamoto, mbele ya watu kumi na wawili. Ina namba iliyotoka bandari ya kupakilia. Kama wewe uliikata ya kwanza, Mwalimu, hii ilirudije mlangoni?"

Kiyoyozi kilinguruma. Mwalimu aliutazama mfuko, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Labda sampuli zililetwa hapa ofisini."

"Kutoka ndani ya kontena lililofungwa?"

"Labda zilitangulia."

Inspekta alitoa mfuko wa pili. Ulikuwa na kisiki cha waya, chenye urefu wa kidole gumba.

"Tumepima nyaya mia na ishirini mpaka sasa. Huu ndio mrefu kuliko zote. Ulizichomekaje?"

Mzee aliusukuma mfuko kando. Alivaa miwani, na uso wake ukabadilika. Hakuonyesha hofu. Alionekana mtu aliyechoka kubembeleza wajinga.

"Sikiliza," alisema. "Mnajua kinachotokea nikiandika taka? Barua kwa watu wa mazingira. Watu wa mazingira wanakaa nayo. Mwenye meli anakataa kulirudisha. Kontena linalala miezi minane, kumi, yadi zinajaa, simu hailali. Nikiandika kompyuta, kesho kutwa limeondoka. Kitu ni kile kile. Mimi nimebadilisha fungu tu."

"Linaondoka linakwenda wapi?"

"Wanakochoma nyaya, nadhani. Kule machimboni."

"Unadhani."

"Hilo halimo kwenye fungu langu."

Sajini, ambaye kwa kawaida alikuwa na mzaha wa kila chumba, alikuwa amekaa ameziinamia ngumi zake mwenyewe.

"Mara ya mwisho kwenda yadini ni lini?" Inspekta aliuliza.

"Magoti haya…"

"Lini?"

"Miaka mitano. Sita."

"Na barua za namna hii umesaini ngapi?"

"Kumi na moja." Alilisema bila kusita. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu lilimfanya Inspekta asogeze kiti nyuma bila kujua. "Unaniangalia kama kitu kilichooza, binti yangu. Unadhani sentensi ile niliitunga mimi?"

Alinyanyuka, akajikokota mpaka kwenye kabati la chuma, akafungua droo ya chini kwa ufunguo uliokuwa mfukoni. Alijua faili lilipo, hakutafuta. Alirudi na karatasi moja iliyoanza kupata rangi ya manjano, akaiweka mbele ya Inspekta kwa vidole viwili.

*Uamuzi wa kuainisha, namba kumi na saba. Nimekagua sampuli tano kutoka katika shehena hii, zote ziliwaka. Kifaa kinachowaka si taka.*

Tarehe ilikuwa ya miaka tisa iliyopita. Saini ilikuwa yake yeye, Inspekta, yenye mkia mrefu aliokuwa akiuchora enzi zile ili aonekane mtu mzima.

"Sentensi nzuri," Mwalimu alisema. "Fupi, haina pa kushikia. Niliifundishia madarasa matatu. Kila barua kati ya zile kumi na moja imesimama juu ya huu uamuzi wako. Nenda kasome nakala zangu za faili, chini zote zimeutaja."

Inspekta alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Ile harufu ya yadi, aliyodhani ameiacha nje, ilipanda tena kutoka kooni mwake mwenyewe.

Mwalimu aliinama, sauti yake ikashuka. "Nakala ni hii moja. Kwenye kompyuta haimo, tulikuwa bado tunatumia karatasi. Ichukue. Mimi nitasema sentensi ni yangu. Na hicho kichuma chako kinaweza kuwa kilipotea matopeni. Zimamoto wanakanyagakanyaga. Nani atashangaa?"

Sajini aliinua kichwa. Alimtazama Inspekta, kisha akatazama dirishani, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvua nguo.

Inspekta alifungua mkoba, akatoa mfuko wa tatu wa nailoni. Aliishika ile karatasi pembeni, akaitia ndani, akabana mdomo wa mfuko, akaandika juu yake tarehe, saa na mahali. Alikosea saa, akakata, akaandika upya.

"Mwalimu," alisema, "naomba funguo za kabati. Zote. Na utatufuata chini kuandika maelezo."

"Unajikata shingo mwenyewe."

"Funguo."

Alizitoa moja moja, akizibwaga juu ya zulia badala ya mezani, ili Inspekta ainame. Sajini ndiye aliyeinama.

*

Alasiri ile walipewa chumba cha mahojiano chini, chenye meza ya bati na viti viwili. Mwalimu alikuwa chumba cha pili na maafisa wengine, anadai wakili na mto wa kukalia. Daktari alikuwa amepiga simu mara moja: dawa amebadilisha, mgonjwa hajatoka hatarini, na pafu moja huenda lisirudi. Angejua mapema, alisema, lakini sentensi hiyo hakuimalizia.

Inspekta alikaa upande ambao hukaa wanaohojiwa. Alisukuma fomu ya maelezo na kalamu mpaka mbele ya Sajini.

"Andika."

"Maelezo ya nani?"

"Yangu."

Sajini hakuigusa kalamu. "Afande, ngoja kidogo. Ulikuwa mwanafunzi. Ulikuwa na mwaka mmoja kazini. Nani leo atasumbuka na saini ya miaka tisa? Kesi tunayo. Lakiri tunayo, waya tunao, mzee amekiri kwa mdomo wake mbele yangu. Hii karatasi yako haiongezi kitu."

"Inaongeza kontena la kumi na mbili. Ndilo lililokuwa la kwanza."

"Watakutoa kwenye kesi."

"Watanitoa. Utaiendesha wewe mpaka walete mwingine. Andika, Sajini, na uniulize kama unavyomuuliza mtu yeyote. Usinipe njia."

Sajini alivuta pumzi ndefu. Alijaza jina la Inspekta, cheo, mahali. Alipouliza la kwanza, sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya kazini, isiyo na tumbo wala mzaha.

"Uamuzi namba kumi na saba, uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Ulisema umekagua sampuli tano. Kwa nini tano?"

"Mwongozo ulitaka zisipungue tano."

"Ulizichagua vipi?"

"Sikuzichagua."

Kalamu ilisimama, ikaendelea.

"Ulifika kwenye kontena?"

"Nilifika mlangoni. Wakala alinionyesha picha kwenye simu yake, kompyuta inawaka. Nikasema sawa."

"Kontena lilikuwa na nini?"

"Sijui." Alitazama mikono yake juu ya bati. "Mpaka leo sijui. Lilitoka siku ile ile."

"Ulifungua mlango?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikuzuia?"

"Hapana."

"Ulitishwa? Uliahidiwa kitu?"

"Hapana. Hakuna."

Sajini alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika. "Kwa nini hukuufungua, basi?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimevaa viatu vipya."

Sajini aliandika neno kwa neno. Alipofika mwisho wa mstari hakuinua kichwa.

"Mvua kubwa?"

Inspekta alivitazama viatu vyake chini ya meza. Chumba cha pili, mzee alikuwa akilalamikia kiti.

"Manyunyu," alisema.